Sekunde Arobaini Hadi Leipzig

SEHEMU YA TISA

Wiki iliyopita tulimwacha Twahira Abdulsalam mkono ukiwa kwenye kitasa cha stoo, saa nne kasoro dakika nane ya Jumamosi asubuhi, na skrini zote za studio zikiwa zimekufa kwa mpigo mmoja. Aliyelikosa gazeti hilo na ajue hili tu: Mwalimu Kaanaeli wa Kikatiti, aliyemlaani mwanawe miaka kumi na moja iliyopita, amekuja Sombetini kuifuta laana hiyo mbele ya kamera, ili mwanawe Derick amtazame na kumsikia kutoka Leipzig, Ujerumani, kwa njia ya intaneti. Keshokutwa Mwalimu anapasuliwa tumbo. Neno lisipofutwa leo, na kisu kisipomrudisha, Derick hataruhusiwa kutia udongo katika kaburi la baba yake.

Twahira alisukuma mlango.

Joto lilimpiga usoni. Stoo nzima ilinuka vumbi lililoungua.

Hapakuwa na mwizi. Hapakuwa na waya uliokatwa. Ilikuwapo seva, mahali pake juu ya meza, imevikwa kitambaa cheupe cha kufumwa kwa mkono, chenye maua mekundu pembeni, kimeifunika mbele na nyuma mpaka kugusa meza. Juu ya kitambaa iliwekwa chupa ya maua ya plastiki.

Feni ilikuwa imezimwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mwanangu." Alikuwa Hedwiga, mhudumu wa ofisi, sinia la chai mkononi na fahari usoni. "Kimependeza, au sivyo? Nimekifuma wiki tatu. Nikasema, wazee wazima wanakuja, na mashine yenyewe imekaa uchi!"

"Na feni?"

"Ilikuwa inakipeperusha."

Ukelele ulimfika Twahira kooni, naye akaumeza. Ni nyumba gani, kuanzia Daraja Mbili hadi Kikatiti, ambayo redio yake haina kitambaa? Hedwiga aliitendea seva heshima ile ile aliyoitendea redio ya marehemu mumewe. Kosa lilikuwa la fundi, aliyefunga mtambo wa kuhudumia watu ndani ya stoo bila kumwambia yeyote kwamba mtambo huo unapumua.

Na fundi huyo alikuwa yeye.

"Mama, hii inavuta hewa mbele na kuitoa mgongoni. Ikifunikwa inachemka, kisha inajizima yenyewe isiungue."

"Yesu wangu! Nimeiua?"

"Imezimia tu. Washa feni. Fungua dirisha. Na chai wapelekee wazee, wasione tunakimbizana."

Hedwiga alikikunja kitambaa chake taratibu, akawasha feni, akafungua dirisha, akaondoka na sinia lake. Twahira alihesabu dakika mbili kwa saa ya mkononi, kiganja kikiwa mgongoni mwa seva, mpaka bati lilipoacha kuchoma. Akabonyeza.

Mashine ilinguruma. Kisha ikagoma kuendelea. Kwa kuwa ilizimika ghafla, ilitaka kwanza kuikagua diski yake yote, na kazi hiyo haikubali kuharakishwa.

Asilimia nne. Asilimia tano.

Studioni viti vitatu vilikuwa vimepangwa mbele ya kamera. Katikati aliketi Mwalimu Kaanaeli, mwalimu mkuu mstaafu, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote, mgongo haukuligusa egemeo la kiti. Kushoto kwake aliketi bintiye Eunike. Kulia aliketi Mzee Lerionka, Mwarusha, rafiki yake na mpinzani wake tangu walipokuwa wakilala bweni moja shuleni. Yeye alikuwa shahidi, maana mila ilitaka shahidi atoke nje ya ukoo.

"Binti," alisema Lerionka, "hata mashine imekataa. Sisi ni nani tulazimishe?"

"Mashine haijakataa, Mzee. Ilifunikwa, ikakosa hewa."

"Mibuni ya babu yake Derick nayo ilikosa nini?"

"Lerionka," alisema Mwalimu bila kugeuka.

"Nauliza tu."

"Huulizi. Unachokonoa. Tangu darasa la tano unachokonoa."

Eunike aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Kisha akakumbuka alichoshika mapajani, na kicheko kikakoma. Lilikuwa jani la sale, bichi, refu, alilolichuma alfajiri katika mpaka wa shamba lao. Kwa Wameru, mwenye kosa hupeleka jani hilo kwa aliyemkosea. Derick hakuweza kulipeleka. Akitoka Ujerumani kabla karatasi zake hazijapitishwa, harudi tena kwa mkewe. Basi dada yake alilibeba kwa niaba yake. Katika ukoo wao baba akilipokea, akalifunga fundo na kulikaza huku mwana akimwona, neno limefutwa. Simu haikufaa, kwa kuwa simu haina macho. Mkanda wa video haukufaa vilevile.

"Nikukumbushe," Mwalimu alimwambia Twahira. "Hakuna kurekodi."

"Hairekodiwi, Mwalimu. Inapita tu, kama maji mferejini."

"Neno la namna hii husemwa mara moja. Likiwekwa kwenye kaseti, kila mtu atalirudia apendavyo."

Asilimia sitini na mbili.

Twahira alikimbilia chumba cha mbele. Dishi la setilaiti lilikuwa moja tu, juu ya paa, na njia yake nyembamba iligawanywa kati ya studio na kompyuta nane za kukodisha. Zote nane zilikuwa na watu.

"Ndugu zangu, nawaomba radhi. Naifunga intaneti kwa nusu saa."

"Dada Twahira!" kijana mmoja aliruka. "Barua pepe yangu imefika nusu! Na nimebakiza dakika saba!"

"Utapewa kumi na nne."

"Kwani kuna nini? Harusi?"

"Kuna mtu anataka kumwona baba yake."

Kijana alimtazama, akaondoa vidole juu ya kibodi. "Funga basi," alisema. "Lakini ni kumi na nne, nimezihesabu."

Aliporudi, ukaguzi wa diski ulikuwa umekwisha. Akaiamsha programu ya kurusha matangazo, akaipa sauti njia pana na picha ile iliyobaki: picha mbili kwa sekunde, udogo wake kama kadi ya mwaliko wa harusi. Mtu angeonekana akirukaruka badala ya kutembea, lakini angeonekana. Akafungua kisanduku cha maandishi, ambamo Derick angejibu kwa kuandika, na Twahira angesoma kwa sauti.

Saa nne na dakika sita. Kisanduku kikaandika.

"Anasema: 'Nawaona. Nimeketi. Shikamoo Baba.'"

Eunike alishika mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Marahaba," Mwalimu aliiambia kamera, kana kwamba mwanafunzi amechelewa gwaride.

Eunike alisimama, akampa jani kwa mikono miwili. Mwalimu akalipokea.

"Derick. Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa nimelazwa. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, kila mtu akisema ni soko huria, kila mtu apande atakacho. Wewe ukachukua shoka. Ulikata mibuni aliyoipanda babu yako, hata ile minne iliyotia kivuli kaburi lake, ukapanda nyanya. Nilirudi nyumbani nikakuta jua linapiga juu ya kaburi la baba yangu. Nikasema hutatia udongo katika langu." Akaligeuza jani mikononi. "Nimekuja kuliondoa neno hilo. Kwanza nakuuliza mbele ya shahidi. Umenisikia?"



Twahira alitazama kisanduku. Kilikuwa kitupu.

"Derick, umenisikia?"

Feni ya dari ilizunguka. Lerionka alikohoa.

"Kwa mara ya tatu. Derick, umenisikia?"

Kisanduku kilikuwa cheupe kama karatasi ya mtihani aliyoitoroka mtu.

"Mara tatu," alisema Lerionka, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. "Aliyeitwa mara tatu akanyamaza, amekataa. Mimi ni shahidi."

"Baba, ngoja," Eunike alisihi.

Lakini Mwalimu alikuwa ameshasimama. Alikuwa mzee aliyefundisha maelfu kusimama wakiitwa na kuitika wakiulizwa, na sasa aliitwa mpumbavu na kimya cha mwanawe mwenyewe. Alinyoosha mkono kumrudishia Eunike jani lake.

Ndipo Twahira alipoelewa.

"Mwalimu, keti!"

Kila mtu aligeuka. Binti wa Daraja Mbili, wa miaka ishirini na saba, alikuwa amemkaripia mwalimu mkuu.

"Nisamehe. Nakuomba uketi. Kosa ni langu." Akajipenyeza kati ya mzee na mlango. "Hajakunyamazia. Hajakusikia bado. Maneno yako hayafiki saa ile ile unayoyasema."

"Intaneti si umeme? Umeme haukawii."

"Haukawii. Lakini mashine yake hukusanya kwanza, kama pipa chini ya bomba. Maji yakijaa kiasi ndipo imfungulie anywe, ili njia ikiyumba asikatikiwe katikati ya neno. Pipa hilo linachukua sekunde arobaini kujaa. Nilijua, nikasahau kuwaambia."

"Sekunde arobaini," Lerionka alisema. "Mimi katika sekunde arobaini nimeshamaliza ugomvi na kuanza mwingine."

Twahira hakubishana. Aliigeuzia wazee kompyuta ya pembeni, iliyokuwa ikipokea matangazo yale yale kama mtazamaji yeyote wa mbali. Wakatazama. Na ndani ya kile kidirisha kidogo Mwalimu Kaanaeli alikuwa bado ameketi, jani mkononi, midomo ikicheza.

"Kwa mara ya tatu," sauti yake ilitoka katika spika. "Derick, umenisikia?"

Mwalimu aliyesimama alimtazama Mwalimu aliyeketi.

"Mbona mimi naongea," alinong'ona Lerionka alipojiona akifungua kinywa, "na nimenyamaza?"

"Ndivyo anavyotuona Derick. Sasa hivi ndipo anapoulizwa."

Kisanduku kikaandika. Kikaandika tena.

"'Nimesikia, Baba,'" Twahira alisoma. "Na tena: 'Nimesikia. Nilikuwa nikiandika jibu, kumbe swali lilikuwa linarudiwa. Usiondoke.'"

Eunike alilia waziwazi. Mwalimu aliketi, akavuta koti lake likanyooka, akatoa saa yake ya mfukoni na kuiweka juu ya paja.

"Basi tutakwenda kwa saa," alisema. "Nauliza, kisha nangoja dakika moja kamili. Lerionka, ukikohoa nakutoa."

"Sijawahi kutolewa."

"Kidato cha pili, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima."

"Hiyo haihesabiki."

Chumba kilicheka, kicheko kifupi cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Na Mwalimu mwenyewe, msomaji, pembe ya mdomo wake ilisogea.

Kisha akaikabili kamera.

"Derick. Ulikata ulichokikuta. Sikuulizi sababu, sababu nilizisikia. Nakuuliza jambo moja. Unakubali kwamba ulikosa, si kwangu tu, bali kwa aliyelala pale chini?"

Saa ilitembea. Sekunde kumi. Ishirini. Twahira aliona katika kompyuta ya pembeni kicheko chao kikianza upya, kimezeeka tayari, kikicheka kwa watu waliokwisha kunyamaza. Thelathini. Arobaini. Midomo ya Mwalimu kidirishani ikamaliza kuuliza.

Hamsini na tano.

Kisanduku kilijibu.

"'Nimekubali, Baba.'"

Mwalimu alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, wala hakuyafuta.

"Shahidi umesikia."

"Nimesikia," alisema Lerionka.

"Neno nililolisema juu ya mwanangu nimeliondoa. Atatia udongo."

Alilipinda jani, akapitisha ncha yake ndani ya tanzi. Alifanya taratibu, kwa vidole vya mtu aliyewahi kuwafunga watoto wengi kamba za viatu. Fundo la sale likishakazwa halifunguliwi tena. Hilo Eunike alimweleza Twahira tangu siku ya kwanza.

Kisanduku kikaandika tena.

Twahira alifungua kinywa asome, akakifunga.

*Dada, hili usilisome kwa sauti. Mimi ni Agnela, mke wa Derick. Majibu ya kwanza ni yake. Hilo la mwisho nimeliandika mimi. Baba aliposema amekosa kwa aliyelala chini, Derick aliinuka akatoka nje. Sijui kama atarudi. Niliona huruma, nikajibu. Nisamehe.*



Kimya cha Twahira kingekuwa rahisi kupita kiasi. Watu wawili tu duniani ndio waliojua, na mmoja wao alikuwa akiomba siri. Angenyamaza, mzee angeingia chumba cha upasuaji na moyo mweupe, Eunike angeimba njia nzima hadi Kikatiti. Angenyamaza, na msamaha wa miaka kumi na moja ungefungwa fundo kwa jina la mtu aliyeukimbia.

Ncha ya jani ilitokeza upande wa pili. Mwalimu aliishika kwa vidole viwili.

"Mwalimu, usikaze."

Vidole vilisimama.

"Kuna nini tena, binti?"

"Jibu la mwisho si la Derick."

Akasoma yote, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, hata pale palipomwomba asisome.

"Nilisema mimi!" Lerionka alipiga goti lake. "Nilisema tangu jana!"

"Kwa nini umesoma?" Eunike alimgeukia Twahira, uso umevimba. "Kwa nini? Ungemwacha tu! Nani alikuuliza?"

"Eunike," alisema baba yake. "Mwache. Amenizuia nisidanganyike mbele ya shahidi. Ingekuwa aibu kubwa kuliko hii." Akageuka. "Kule bado naonekana?"

"Unaonekana, Mwalimu."

"Na sisi kiti chake hatukioni."

"Hatukioni. Picha inakwenda upande mmoja tu."

Mwalimu alitafakari hilo. Kisha akainua jani mpaka mbele ya kamera, fundo likiwa limelegea, tanzi lake wazi kama pete.

"Agnela, binti yangu. Umedanganya kwa upendo, nami sikugombezi leo. Mwambie mumeo hivi. Neno langu nimelisema, silirudii. Lakini kukaa naweza. Nimekaa. Jani liko mkononi, fundo halijakazwa. Akirudi kwenye kiti chake aandike yeye mwenyewe. Aandike lolote. Hata akitaka kunitukana, aandike yeye."

Akaushusha mkono, akanyoosha mgongo, akangoja.

Twahira alihesabu. Sekunde arobaini maneno yafike. Na Agnela kwenda kumwita? Ngazi ngapi kushuka? Barabara gani?

Taa zikazimika.

Feni ya dari ilipunguza mwendo, ikasimama. Kutoka chumba cha mbele zilisikika sauti za wateja: "Aaah, Tanesco!" Chini ya meza betri ya akiba ilianza kulia kwa mlio mkali, mmoja kila sekunde tano. Seva, kamera na dishi sasa vilining'inia juu ya betri hiyo peke yake. Jenereta la ofisi lilikuwa mtaa wa Unga Limited kwa fundi, limefunguliwa vipande vipande tangu Alhamisi.

Twahira alipiga magoti, akasoma namba kwenye kioo chake kidogo.

"Kiasi gani?" aliuliza Mwalimu bila kuondoa macho kwenye kamera.

"Dakika kumi na moja, Mwalimu. Labda kumi."

"Aliyetoka nje tu hahitaji zaidi ya hizo kurudi ndani."

Mlio ulilia. Ulilia tena. Lerionka, ambaye asubuhi nzima hakukosa la kusema, alivuta kiti chake karibu na cha rafiki yake mpaka mabega yakagusana, akaitazama kamera naye.

Dakika tisa.

Dakika nane.

Chini ya kisanduku yalichomoza maandishi madogo, yale yanayomjulisha msomaji kwamba upande wa pili kuna mtu anaandika.

Twahira aliusogeza uso karibu. Maandishi yalitoweka. Yakachomoza tena. Yakatoweka. Yeyote aliyekuwa pale alikuwa akiandika na kufuta, akiandika na kufuta.

"Kuna mtu," alisema.

"Nani?" Eunike alisimama.

Dakika saba.

"Mwalimu," alisema Twahira, "kuna mtu ameketi kwenye kile kiti."